Montauk: Bandari Iliyojifunza Kumwachia Papa

Katika uvuvi wa kukodi, yaani ule ambao mtu asiye mvuvi hulipia boti, nahodha na baharia wake kwa siku nzima ili apelekwe bahari kuu kumtafuta samaki mkubwa, kitu cha kwanza kinachonunuliwa ni elimu ya nahodha, kwa kuwa bahari ni pana, papa hatulii mahali pamoja, na mteja asiyejua maji yanavyokwenda anaweza kushinda kutwa nzima juu ya mawimbi pasipo mshipi wake kuguswa hata mara moja. Mahali ambapo safari ya elimu hiyo inaweza kufuatiliwa vizuri, tangu ilipotumiwa kuua hadi ilipokuja kutumiwa kuhifadhi, ni Montauk, kijiji kilicho kwenye ncha ya mashariki ya kisiwa cha Long Island, jimbo la New York nchini Marekani, kiasi cha kilomita 190 kutoka Manhattan. Hapo papa aliwindwa kama dubwana, akapigwa picha akiwa ametundikwa gatini, akatungiwa hadithi iliyoitia hofu dunia nzima, kisha akaanza kuhesabiwa, kuwekewa alama na kurudishwa majini. Na waliofanya mambo hayo yote, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu wa kazi ileile moja.

Bandari yenyewe ni kazi ya mikono ya binadamu. Ziwa la Montauk lilikuwa limefungika mbali na bahari hadi mwaka 1927, wakati Carl Fisher, tajiri aliyekuwa amekwisha kuujenga mji wa Miami Beach na aliyetamani kuigeuza Montauk kuwa mahali pa mapumziko ya matajiri wa kaskazini, alipochimbisha mlango wa kuliunganisha na bahari. Ndoto ya Fisher haikutimia, lakini mlango ulibaki, na vyombo vya uvuvi vikapata kituo salama kilicho karibu na maji ya kina kuliko bandari nyingi za pwani ile. Boti inayokwenda kutafuta papa hutoka kabla au mara tu baada ya mapambazuko, huuzunguka mnara wa taa uliokamilika mwaka 1796, kisha huelekea kusini katika Atlantiki kwa maili 20, 30 au zaidi, hadi mahali ambapo kina hupimwa kwa makumi ya pima, kipimo kile kile ambacho manahodha wa Kiswahili wamekitumia tangu zamani kwa urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, takriban mita 1.8.

Msimu huanza Juni na kwisha karibu na Oktoba, nao hautawaliwi na kalenda bali na joto la maji. Mkondo wa Ghuba, ambao ni mto mkubwa wa maji ya moto unaopita baharini kutoka kusini, humega mizunguko ya maji yenye joto na kuisukuma kuelekea pwani, nayo hukutana na maji baridi yanayoteremka kutoka kaskazini. Mpaka wa makutano hayo huweza kuonekana kwa macho, kwa maana rangi ya bahari hubadilika kutoka kijani kilichovia kuwa buluu safi, na takataka, mwani na samaki wadogo hukusanyika kandokando yake. Samaki wadogo huwaita wa wastani, na wa wastani huwaita papa. Nahodha hodari husoma ramani za joto zinazotengenezwa kwa picha za satelaiti usiku kabla ya safari, lakini anapofika huko hurudia njia za wazee wa kazi: huwatazama ndege wanapotua, hupima joto kwa kifaa cha chomboni, na huchungulia rangi ya maji, hasa akitafuta kati ya nyuzi 16 na 21 za Selsiasi.

Mahali panapochaguliwa, injini huzimwa na chombo huachwa kielee kikisukumwa na upepo na mkondo. Hapo huanza kazi ambayo wageni wengi huidharau wanapoiona mara ya kwanza, ilhali ndiyo roho ya shughuli nzima, nayo ni kumwaga chambo cha kusaga. Menhadeni, samaki mwenye mafuta mengi wa ukoo mmoja na heringi, husagwa, hugandishwa ndani ya ndoo, na ndoo yenye matundu huning'inizwa ubavuni ili barafu iyeyuke polepole na kuachia uji wa damu, vipande na mafuta. Mafuta huelea na kutandaza utelezi juu ya maji, vipande huzama, na baada ya saa moja au mbili huwa imejengeka njia ya harufu yenye urefu wa maili kadhaa, ambayo papa anayekutana nayo huifuata akielekea mahali inakotoka, huku akipinda kulia na kushoto kama mtu anayetafuta ukingo wa njia gizani. Siri kubwa ya kazi hiyo ni kutoikatiza: ndoo ikiisha pasipo kubadilishwa, hata kwa robo saa, njia hukatika, na papa aliyekuwa amebakiza umbali mdogo hupotea. Mteja anayefikiri kwamba baharia anapoteza muda kwa kukoroga uji unaonuka hajui kwamba ndiyo saa anayofanyiwa kazi kuliko zote.

Chambo chenye ndoana hutegwa nyuma ya chombo kwa mishipi mitatu au minne, kila mmoja ukiwa na boya, mara nyingi puto la kawaida la mpira, linaloamua kina chake. Ule wa mbali hushushwa chini zaidi, ule wa karibu huachwa juu, ili papa anayepanda na njia ya harufu akutane na chambo katika kila tabaka la maji. Kati ya mshipi na ndoana hufungwa kipande cha waya, kwa sababu meno ya papa hukata nailoni mara moja, na baada ya waya huongezwa kipande cha mshipi mnene, kwa sababu ngozi ya papa imefunikwa na vijigamba vidogo mno vyenye umbo la jino, vinavyosugua kama msasa kila samaki anapojizungusha. Pamoja na pua, papa ana kiungo kingine ambacho binadamu hana: vishimo vidogo vilivyotapakaa usoni mwake, vyenye ute unaohisi umeme hafifu unaotoka katika misuli ya kiumbe hai, vilivyoelezwa kwa kina na Mwitaliano Stefano Lorenzini mwaka 1678 na ambavyo hadi leo hubeba jina lake. Ndiyo maana papa aliyefika karibu na boti huweza kukiacha chambo kinono na kwenda kuuma rafadha ya chuma, kwa kuwa chuma kilicho ndani ya maji ya chumvi hutoa umeme unaomchanganya.

Anayefika mara nyingi zaidi katika maji ya Montauk ni papa wa buluu, mwembamba, mwenye mapezi marefu ya kifua na rangi ya samawati ambayo hufifia kuwa kijivu muda mfupi baada ya kufa, hata mtu aliyemwona gatini tu hawezi kuamini jinsi alivyokuwa mzuri ndani ya maji. Huyu hutafuna polepole, na puto huzama taratibu. Mako ni habari nyingine. Ni papa wa jamii moja na papa mweupe mkubwa, na mfumo wa mishipa yake ya damu huzuia joto linalozalishwa na misuli lisipotee baharini, hivyo mwili wake huwa na joto kuliko maji anamoogelea; joto hilo huipa misuli yake nguvu ya ghafla ambayo samaki wengi hawana, na mako aliyenaswa huweza kuruka mita kadhaa juu ya maji, akijipindua hewani, kabla mteja hajamaliza kufunga mkanda wa kumshikilia kitini. Yupo pia papa wa mkia mrefu, ambaye mkia wake hulingana karibu na mwili wake wote na hutumika kama mjeledi wa kuwapiga na kuwazubaisha samaki wadogo. Hao wawili, mako na papa wa mkia mrefu, ndio walioliwa. Nyama ya papa wa buluu haikuthaminiwa Marekani, kwa sababu mwili wa papa huhifadhi urea ili kusawazisha chumvi ya bahari, nayo urea hugeuka amonia haraka asipotumbuliwa na kuwekwa barafuni. Harufu hiyo haihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyewahi kupita mbele ya vichanja vya papa mkavu katika masoko ya Mombasa na Unguja, ingawa huko chumvi na jua vimeifanya nyama hiyohiyo kuwa ng'onda inayoungwa kwa nazi na kutamaniwa, jambo linaloonyesha kwamba thamani ya papa haimo katika mwili wake peke yake bali pia katika mikono ya watu wanaomjua.

Montauk ya miaka ya 1950 haikuwa na mikono hiyo. Frank Mundus, aliyezaliwa Long Branch, New Jersey, mwaka 1925, alifika huko mwaka 1951 na boti yake iliyoitwa Cricket II, yenye urefu wa futi 42, akiwa na nia ya kuwavulisha wateja samaki wa kawaida wa pwani ile. Papa waliwavamia samaki walionaswa mishipini na kuwaharibia wateja siku, na wakati manahodha wengine waliwaona kuwa balaa, Mundus aligundua kwamba mteja aliyempoteza samaki wake mdomoni mwa papa hakuzungumza tena juu ya samaki. Alizungumza juu ya papa. Akaanza kutangaza uvuvi wa madubwana, na watu wakaja. Alivaa kofia pana ya Kiaustralia na mkufu wa jino la papa, akapaka rangi ukucha wa kidole gumba cha mguu mmoja nyekundu na wa mguu wa pili kijani, kwa kufuata rangi za taa za kushoto na kulia za chombo, nao wateja walilipia onyesho hilo pamoja na uvuvi.

Hata hivyo, haitoshi kumwona Mundus kama mchekeshaji wa gatini. Mwaka 1964 alimchoma kwa chusa papa mweupe aliyekadiriwa kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 2,000, na tarehe 6 Agosti 1986, akiwa pamoja na nahodha Donnie Braddick karibu na mzoga wa nyangumi uliokuwa ukielea, alishiriki kumvua kwa fimbo na mshipi papa mweupe wa kilo 1,554, ambaye ni samaki mzito kuliko yeyote aliyepata kuvuliwa kwa njia hiyo, ijapokuwa rekodi rasmi ya shirikisho la kimataifa la uvuvi wa michezo, IGFA, imebaki kwa Alfred Dean aliyevua papa mweupe wa kilo 1,208 huko Ceduna, Australia Kusini, mwaka 1959. Mtu hawezi kumpata samaki wa namna hiyo kwa bahati tupu. Anapaswa kujua papa mweupe hupita lini, hufuata nini, na hukaa kwa muda gani kwenye mzoga kabla ya kuondoka. Kwa miaka mingi, elimu hiyo juu ya maisha ya papa katika Atlantiki ya kaskazini magharibi ilikuwa vichwani mwa manahodha wachache kabla haijaandikwa kitabuni, na huo ni ukweli ambao wapenzi wa uhifadhi wanapaswa kuukiri hata kama gati lililojaa damu linawachukiza, na ni haki liwachukize.

Riwaya ya Peter Benchley kuhusu papa anayewinda watu pwani ilitoka mwaka 1974, na filamu ya Steven Spielberg iliyotokana nayo ikaonyeshwa mwaka uliofuata. Mundus alisema hadi mwisho wa maisha yake kwamba nahodha Quint wa hadithi hiyo alichongwa kutoka kwake, jambo ambalo Benchley hakulikubali. Lililo hakika ni athari yake: vijana walimiminika kwenye boti za kukodi wakitaka kumuua papa wao, mashindano ya kuvua papa yakaongezeka katika bandari za pwani hiyo, na mizani ya gatini ikawa mahakama ambamo mshindi alitambuliwa kwa kilo. Papa wengi waliopimwa hapo hawakuliwa. Walipigwa picha, wakakatwa taya, wakatupwa. Benchley mwenyewe alitumia sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki mwaka 2006, akiwatetea papa dhidi ya hofu ambayo kitabu chake kiliieneza.

Kabla ya kitabu hicho kuandikwa, mbegu nyingine ilikuwa imekwisha pandwa katika boti hizohizo. Jack Casey, mwanabiolojia wa maabara ya serikali ya uvuvi iliyokuwa Sandy Hook, New Jersey, alitambua kwamba taasisi yake haingeweza kamwe kupata fedha za kuwafuata papa bahari nzima, lakini manahodha na wateja wao walikuwa huko kila siku kwa gharama zao. Mwaka 1962 alianzisha mpango wa kuwaomba wavuvi hao wawachome papa alama badala ya kuwaleta gatini. Alama yenyewe ni kitu sahili: kichwa kidogo cha chuma kinachochomekwa kwenye misuli chini ya pezi la mgongoni, na kidonge cha plastiki chenye karatasi iliyoandikwa namba na maelekezo katika lugha kadhaa, ili mvuvi wa nchi yoyote atakayemvua papa huyo baadaye ajue pa kupeleka taarifa. Walioitikia wito mwaka wa kwanza hawakufika 100; katika miongo iliyofuata wakawa maelfu, na papa waliowekewa alama wamepita 200,000.

Matokeo ya kazi hiyo yaliyavunja mawazo mengi. Papa wa buluu waliochomwa alama mbele ya Long Island walivuliwa tena ng'ambo ya Atlantiki, karibu na Hispania na karibu na Afrika, na hivyo ikafahamika kwamba hakuna papa wa buluu wa New York, bali papa wa bahari nzima anayepita New York. Papa wa aina nyingine, anayekaa karibu zaidi na pwani, alikutwa akiwa bado na alama yake baada ya zaidi ya miaka 27. Umri huo ndio uliopasa kuwashtua watu kuliko umbali, kwa kuwa samaki anayeishi muda mrefu kiasi hicho ni samaki anayechelewa kuzaa, na samaki anayechelewa kuzaa hawezi kuvunwa kama dagaa.

Mako anaonyesha jambo hilo kwa uchungu. Dume hupevuka akiwa na miaka minane hivi, lakini jike huhitaji takriban miaka 18 au zaidi, hubeba mimba kwa miezi 15 hadi 18, kisha hupumzika kabla ya kubeba nyingine, hivyo mzunguko wake mmoja wa uzazi huchukua kama miaka mitatu. Mtu aliyemleta gatini jike la uzito wa kati, akapongezwa kwa kuvua mako mzuri, mara nyingi alikuwa amemwondoa baharini samaki ambaye hakuwa amezaa hata mara moja. Mzigo mkubwa wa lawama, lazima isemwe, ni wa meli za kibiashara zinazotandaza mishipi mirefu yenye maelfu ya ndoana kwa ajili ya jodari na samaki-upanga, ambazo humvua mako bila kumkusudia na kumbakiza kwa kuwa nyama na mapezi yake vina soko. Mwaka 2019 wataalamu wa tume ya kimataifa inayosimamia jodari wa Atlantiki, iitwayo ICCAT na yenye makao yake Madrid, walitoa hesabu iliyowakatisha watu tamaa: kwamba hata kama uvuvi wa mako wa Atlantiki ya kaskazini ungesimamishwa siku hiyohiyo, idadi yake ingeendelea kushuka hadi mwaka 2035, kwa sababu majike waliopaswa kupevuka katika miaka hiyo walikuwa wamekwisha vuliwa wakiwa wadogo, na nafasi ya akiba hiyo kurejea ifikapo mwaka 2045 ilizidi nusu kwa kiasi kidogo tu.

Sheria zilifuata nyuma ya maarifa, kama kawaida yake. Marekani ilitoa mpango wake wa kwanza wa kusimamia papa wa Atlantiki mwaka 1993, ikapiga marufuku kumbakiza papa mweupe mwaka 1997, na kuanzia mwaka 2018 ikamtaka kila mwenye kibali cha kuvua papa kwa burudani apitie mafunzo mafupi ya kutambua aina zilizokatazwa na atumie ndoana ya duara anapovua kwa chambo cha asili. Mwaka 2019 mako aliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na kwa njia hiyo uamuzi huo uligusa pia Bahari ya Hindi, kwa kuwa Kenya na Tanzania ni wanachama, na mfanyabiashara wa Mombasa au Zanzibar anayetaka kusafirisha mapezi ya mako nje ya nchi anapaswa kuwa na kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji wake hauiangamizi jamii hiyo. Kisha ICCAT ikakataza kubakiza mako wa Atlantiki ya kaskazini, na Julai 2022 Marekani ikaweka kikomo cha sifuri, ikiwa na maana kwamba samaki aliyekuwa fahari ya Montauk kwa miaka 70 hawezi tena kuletwa gatini na mtu yeyote, tajiri au maskini.

Kwa manahodha, mabadiliko hayo hayakuwa madogo. Boti nyingi za kukodi huchukua abiria wasiozidi sita, idadi ambayo leseni ya kawaida ya nahodha kutoka kwa Walinzi wa Pwani wa Marekani huiruhusu katika vyombo visivyopitia ukaguzi mkubwa, na mapato ya siku hugawanywa kwa mafuta, chambo, gati na matengenezo, huku baharia akitegemea zaidi bahashishi ambayo wateja humwachia, kwa desturi asilimia 15 hadi 20 ya malipo. Nahodha aliyezoea kumwahidi mteja nyama na taya alilazimika kumfundisha aone thamani katika kitu kisichobebeka nyumbani. Wapo waliolalamika, na malalamiko yao si ya kupuuzwa, kwa kuwa wao waliambiwa waache kabla ya meli kubwa kubanwa sawasawa. Lakini wapo pia waliotangulia kabla ya sheria: mwaka 2013 Montauk ilifanya mashindano ambayo hakuna papa hata mmoja aliyeletwa gatini, wote wakihesabiwa kwa alama na kuachiwa, na baadhi yao wakifungwa vifaa vinavyotuma habari zao kwa satelaiti.

Kuachia, hata hivyo, ni ufundi unaotaka uangalifu kuliko kuua. Ndoana ya duara, ambayo ncha yake imepinda kurudi kuelekea kwenye mpini, kwa kawaida haimnasi papa kooni. Anapomeza chambo na kugeuka, ndoana huteleza hadi pembeni mwa taya na kushika hapo, mradi mteja azuie shauku yake ya kuivuta fimbo kwa nguvu, na mabaharia husema kwamba kumzuia mteja kuvuta ndiyo kazi ngumu. Papa wa aina hizi hupata hewa kwa kuogelea mdomo ukiwa wazi ili maji yapite matamvuani, kwa hiyo akivutwa kinyumenyume hukosa pumzi. Hilo ndilo linalompata papa wa mkia mrefu, ambaye hupiga chambo kwa mkia na kunaswa mkiani: utafiti uliofanywa California na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba takriban robo ya waliovuliwa kwa namna hiyo walikufa baada ya kuachiwa, na waliokufa walikuwa wale wakubwa waliovutwa kwa muda mrefu, karibu saa moja na nusu. Tena papa hana mbavu za mfupa za kuyategemeza maini na matumbo yake nje ya maji. Akinyanyuliwa kwa ajili ya picha, uzito wake mwenyewe humponda ndani, naye huondoka akionekana mzima ilhali amekwisha kuumia. Nahodha anayejali humshusha mteja hadi kwenye ukingo wa chombo, huchukua picha papa akiwa majini, na huikata waya karibu kabisa na ndoana.

Yote hayo huhitaji kwanza jambo moja, nalo ni kumtambua papa kabla ya kumgusa, na hapo ndipo mambo ya Montauk yamepata sura ambayo Mundus, aliyehamia Hawaii mwaka 1991, akawa katika uzee wake mhimizaji wa ndoana za duara, na akafariki mwaka 2008, hakuiona ikikamilika. Baada ya papa mweupe kulindwa, idadi yake katika Atlantiki ya kaskazini magharibi ilianza kupanda tena, na mwaka 2016 watafiti waliwawekea alama mbele ya Montauk watoto wa papa mweupe waliokuwa wamezaliwa mwaka huohuo, wakithibitisha kwamba maji ya kusini mwa Long Island ni kitalu ambamo jamii hiyo hulelea wadogo wake. Watoto hao huzaliwa wakiwa na urefu unaozidi mita moja, wenye umbo, mgongo wa kijivu na mkia unaofanana sana na ule wa mako, nao hufuata njia ileile ya mafuta na kula chambo kilekile. Puto likizama, nahodha huinama ukingoni, huishika waya kwa glavu, na humtazama mdomoni: meno ya mako ni membamba, yenye kingo laini, na yale ya taya la chini hutokeza nje hata mdomo ukiwa umefungwa, wakati meno ya papa mweupe ni ya pembetatu, mapana, yenye kingo za msumeno. Ana sekunde chache tu za kuamua anamwambia nini mteja, na mkono wake wa pili huwa tayari umeshika mkasi wa kukatia waya.